Koti Nililompelekea Wambura

Nyinyi mnaokuja kibarazani kwangu hapa sokoni Mugumu mmenichosha. Mmoja analeta zipu iliyokufa, mwingine sketi ya shule ya kushushwa upindo, na mkishakaa wote mnauliza swali lilelile: Bhoke, huko Kenya babu yako ulimpata? Nimejibu nusunusu mara nyingi mno, na kila mmoja ameondoka na kipande chake, mpaka nikisikia habari zangu zikisimuliwa kisimani sizitambui. Basi nimeandika yote, kuanzia kwa baba mpaka kurudi kwa baba. Ya hati ya kusafiria na mihuri nimeyaacha, hayana utamu. Someni, halafu mniache nishone.

Busawe

Safari ilianzia Busawe, nyumbani kwa baba yangu, mzee Mwita Wambura. Wengi mnamjua kwa ile mikono yake mirefu kupita kiasi. Hajawahi kununua shati la dukani likamfika kwenye kifundo cha mkono, na nadhani ndiyo sababu nikawa fundi. Siku hizi macho yake yameingia ukungu, anamtambua mtu kwa mwendo.

Baba alizaliwa Kenya, upande wa Kehancha. Mama yake, Robi, alikuwa binti wa Nyansurura aliyeolewa huko. Alivuka na mtoto mgongoni kuja kumzika mama yake mwenyewe, akaugua hukuhuku, akafa. Baba alikuwa bado ananyonya. Wajomba wakamlea, wakampeleka jando, wakamwozesha. Alichobaki nacho cha kwao ni jina moja tu, Wambura. Ukimuuliza ni mwana wa nani, anasema Mwita wa Wambura, na hapo maneno yanakatika, kwa sababu hakujua Wambura huyo alikuwa wa rika gani wala amelala wapi.

Kwetu Wakurya hilo si jambo dogo. Mwanamume akifika penye wazee anamtaja baba yake na rika la baba yake, ndipo wanajua wamkalishe wapi. Tangu nikiwa msichana nimemwona baba akifika kwenye sherehe za watu na kukaa mwenyewe karibu na mlango kabla hajaulizwa. Watu wakadhani ni mpole. Mimi nilijua anaogopa kuulizwa.

Mwaka huu, baada ya mavuno, aliniita. Akaniambia anataka kujua baba yake amelala wapi, na kitu kimoja zaidi, kwa nini hakuja kumtafuta. Nikasema twende wote. Akakataa.

"Nitasemaje mlangoni? Nitajitaja mwana wa nani? Tangulia wewe. Mwanamke haulizwi rika."

Nikaanza kupanga. Nilinunua daftari, nikaandika maswali. Wambura alikuwa rika gani? Alioa wake wangapi? Wanawe wa kiume ni akina nani? Kwa kuwa mtu haendi kwa ndugu mikono mitupu, niliamua kushona koti zuri la bitana, la kumpa mwanamume mkubwa kuliko wote kwenye mji wao, yaani boma lao. Vipimo vyake sikuwa navyo, nikachukua vya baba. Nilijiambia damu ni moja, haiwezi kupishana sana.

Baba alisimama uani, akanyoosha mikono mbele na kufumba ngumi. Ndivyo anavyofanya kila nikimpima, utafikiri anangoja kupakiwa kuni. Nilipofika mabegani akauliza kama nadhani Wambura alikuwa mrefu. Nikamwambia lazima, maana Robi wanasema alikuwa mfupi. Akatabasamu, na tabasamu lile lilinitesa njia nzima.

Nyansurura

Kabla ya kuvuka mpaka ilinipasa kumwona mke wa mjomba wa baba, mtu pekee aliyebaki kati ya waliomwona Robi. Nilikodi bodaboda mpaka Nyansurura, na kwa haraka yangu nikasahau kuvua futi ya kupimia shingoni. Bibi yule alikuwa akipukuchua mahindi; aliponiona na futi akaacha. Shikamoo yangu aliijibu kwa taabu. Nilikaa zaidi ya saa nzima nikiuongelesha ukuta, hadi mkwewe aliponivuta pembeni na kunieleza kwamba bibi anaamini baba amenituma nije kumpima sanda.

Nikaitia futi mfukoni na kuapa kwamba nimefuata mazungumzo tu. Alicheka mpaka akashika mbavu, ndipo chakula kikaletwa, ugali wa mtama na muhogo, na mgagani uliolazwa kwenye maziwa. Akanilazimisha kula mara mbili. Alisema mtu aliyekuja kumzika apate walau kushiba.

Aliniambia Robi aliolewa vizuri. Ng'ombe walikuja wengi na hawakuwa wakondefu. Mama mkwe wake alimlea kama yai. Mji wenyewe uko mbele ya Kehancha, chini ya kilima cha mawe, karibu na chemchemi. Nikauliza kuhusu Wambura. Akaniangalia kidogo, akasema ndiyo, Wambura ndiye aliyemwoa, kisha akarudi kupukuchua mahindi yake. Nikaandika: mume, Wambura. Nikaliruka lile swali la rika. Mimi, ninayewafokea wanafunzi wangu kila siku wasitie mkasi kabla ya kumaliza kupima.

Wakati wa kuaga nilimuuliza kwa nini hawakumrudisha baba kwao. Akaweka gunzi chini.

"Tulimpenda. Na mto Mara ulikuwa umejaa. Halafu mto ukapungua, na sisi bado tulikuwa tunampenda."

Njia ya Nyamongo

Kutoka Mugumu nilipanda gari la abiria la asubuhi, na gari likaamua kupumzika kabla hatujafika Nyamongo. Rejeta ilichemka. Dereva akasema dakika kumi. Tulikaa kando ya barabara mpaka jua likatuzunguka, tukala mahindi ya kuchoma ya mama mmoja aliyetokea shambani na jiko lake kana kwamba aliambiwa tunakuja. Abiria wenzangu waliulizana habari. Nilipowaambia namfuata babu yangu Kenya, kila mtu alikuwa na Wambura wake wa kunielekeza. Mwanamume mmoja alikuwa nao wawili.

Tarime tulifika jioni, na hapo ndipo nilipolifungua koti kulikung'uta vumbi na kukuta halina vifungo. Nimeshona miaka yote hiyo, nikabeba koti lisilo na vifungo. Nilienda kwa muuza vitambaa mmoja mjini, mzee wa Kiislamu mwenye kofia safi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinichagulia vifungo vinne vya kahawia na kuniruhusu nivishonee hapo hapo dukani kwake. Niliviweka upande wa kulia, upande wa wanaume.

Wakati nashona alitaka kujua koti ni la nani, nikamweleza. Akasema yeye babu yake alitoka Pangani akifuata biashara, akaoa hapa Tarime, akazikwa hapa. Pangani yenyewe hajafika hata siku moja, ingawa nauli si tatizo.

"Naogopa, mama. Nikibisha hodi wakasema hawanijui, nitakuwa sina tena hata pale pa kupafikiria."

Maneno hayo yaliniingia. Mpaka pale nilikuwa nimejishughulisha na koti na daftari, na kumbe nami nilikuwa naogopa kitu hichohicho. Tukaagana.

Sirari

Asubuhi nilivuka Sirari. Nilitegemea kuona nchi nyingine. Nikaona vitenge vilevile, mihogo ileile na akina mama wanaosalimiana kwa Kikurya kutoka upande huu wa mpaka hadi ule. Mabadiliko yalikuwa kwenye Kiswahili tu. Upande wa Isebania niliagiza chai, nikaletewa ya maziwa. Nikasema nataka ya rangi. Dada wa hotelini akaniuliza, "Kwani uko mgonjwa, madam?" Nikainywa ya maziwa, na mandazi mawili.

Nikiwa kwenye meza ile hasira zilinipanda ghafla. Kumbe ni hapa tu. Baba amepaota mahali hapa maisha yake yote, na mimi nimefika kabla vumbi la Mugumu halijanitoka viatuni. Mtu akililia kilicho mbali, unamhurumia. Huyu wangu alikililia kilichokuwa jirani, na sikujua nimkasirikie nani. Nilifuta uso kwa ncha ya kitenge, nikalipa, nikatafuta usafiri.

Mbele ya Kehancha

Aliyenibeba kutoka Kehancha alikuwa mwendesha pikipiki wa makamo, mtu wa maneno machache aliyevaa jaketi lililochanika kwapani. Nilitamani kulitia uzi njia nzima. Tulianza kwa mzee wa kijiji. Nilimtajia mzee Wambura wa zamani, aliyeoa mke wa Nyansurura. Akafikiri, akaita wenzake wawili, wakafikiri wote, kisha wakatupeleka kwenye mji mmoja mkubwa wenye kaburi la saruji.

Pale tulipokewa vizuri kwa muda wa kikombe kimoja. Nilipofungua daftari na kuanza kuuliza marehemu Wambura alikuwa na wana wangapi, nyuso zilifungwa. Mwanawe mkubwa alisimama.

"Madam, sema tu ukweli. Wewe umekuja sababu ya shamba, sindio?"

Nikaeleza hadi koo likakauka. Mwishowe ilibainika Wambura wao alikuwa mdogo kwa umri kuliko baba yangu, wala hakuwahi kuwa na mke kutoka kwetu. Tukaondoka, na hakuna aliyetusindikiza. Tulijaribu miji mingine miwili. Jibu lilikuwa moja: mwanamume wa jina hilo, wa umri huo, hakuwahi kuwepo pande zile.

Nilimwambia mwendesha pikipiki asimame. Nilikaa kwenye jiwe kando ya njia na koti langu magotini, nikalia bila kujificha. Nilimwona baba akingoja mlangoni, akiusikiliza mwendo wangu, nami narudi kumwambia kwamba Wambura hayupo. Ingekuwa bora nisingeenda. Angebaki walau na jina.

Yule bwana aliniacha nilie, kisha akasema, "Mama, tangu asubuhi wewe unauliza wazee wanaume. Hawa walikuwa malishoni. Uliza akina nyanya, wao ndio walikuwa nyumbani." Akageuza pikipiki kuelekea kilima cha mawe.

Chini ya kilima tulimkuta bikizee mmoja akipeta wimbi, mwembamba, mgongo umepinda. Aliitwa Nyangi. Nilimwamkia kwa Kikurya, na kwa kuwa jina la Wambura lilikuwa limenichosha, nikaanza na lile lingine. Nikasema namtafuta mtu aliyemjua Robi wa Nyansurura.

Ungo ulishuka chini taratibu.

"Robi wa nyumba yetu," alisema. "Mtoto je?"

Nikamwambia mtoto yuko hai, yuko Busawe, ana watoto saba na mimi ni wa tatu. Nyangi alikaa chini pale pale kwenye makapi. Alinishika kiganja, akakipindua mara mbili, kisha akaomba nirudie tena kwamba yuko hai.

Aliponieleza, alieleza kwa ufupi, kama mtu anayesema jambo ambalo mtoto yeyote angepaswa kulijua. Wambura alikuwa bibi yake, mama wa mama yake. Alifiwa na mume akiwa na mabinti wanne na hakuna wa kiume, na nyumba isiyo na mtoto wa kiume kwetu huzimika. Basi akatoa ng'ombe zake, akaoa. Alimwoa Robi awe mke wa nyumba yake, azae kwa jina lake. Ndiyo ndoa ya nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke. Baba yangu ndiye mtoto wa kiume aliyepatikana.

Jamani, niliona aibu. Hapa Mugumu nimeshona gauni za ndoa za namna hiyo, si moja wala mbili. Nimewapima mabibi wanaooa na mabinti wanaoolewa, nikala pilau lao. Nimezaliwa kwenye desturi hiyo, na bado nilizunguka siku nzima Kenya nikitafuta kaburi la mwanamume. Mke wa mjomba alinijibu sawasawa kabisa. Ni mimi ambaye sikumuuliza.

Lakini baba alikuwa na mikono ile. Nikajikaza nikauliza, na mwanamume je, aliyemzaa? Nyangi aliangalia mikono ya koti iliyokuwa ikining'inia magotini pangu. Aliiangalia kwa muda. Nina hakika alikuwa akimkumbuka mtu.

"Huyo haulizwi," alisema. "Aliingia, akatoka. Mtoto ni wa nyumba."

Akanipeleka shambani. Katikati ya mahindi palikuwa na mahali pasipolimwa, padogo, pa kutosha chumba kimoja, na katikati yake mafiga matatu, meusi bado. Palikuwa jikoni kwa Robi. Robi alipokawia, Wambura alituma watu Nyansurura, wakarudi na jibu la wajomba kwamba mama na mtoto wamekufa wote. Wambura alikataa kuamini. Alisema anayemletea kifo bila kumwonyesha kaburi hamsikilizi. Aliendelea kuisiriba ile nyumba kwa kinyesi cha ng'ombe kila mwaka mpaka nguvu zikamwishia, na alipokaribia kufa akamwambia Nyangi nyumba ikianguka na ianguke, lakini mafiga asiyatoe, mtoto atahitaji pa kuanzia. Kaburi lake liko hatua chache kutoka hapo, kwenye ukingo wa shamba, na Nyangi amelizungushia mkonge.

Nilikaa kwenye mafiga yale, moja moja, yote matatu. Sijui kwa nini. Nilihisi uchungu kwamba nimefika mimi na si baba.

Tulikula kwa Nyangi, uji mchachu wa wimbi kwenye kibuyu, yeye na mimi na mwendesha pikipiki, ambaye nilimshonea kwapa lake hatimaye. Halafu nikatoa koti. Mwanamume wa kulivaa hakuwepo, na mkubwa wa mji alikuwa yeye, kwa hiyo nikamvisha, nikimweleza kwamba vipimo ni vya baba. Lilimfika magotini. Mikono ilimpita viganja ikabaki ikicheza. Nilitoa mkasi nikamwambia anipe muda mfupi tu niikate. Akairudisha mikono nyuma.

"Usikate. Mwenye mikono hii yupo. Namtunzia."

Akaikunja mara tatu, akafunga vifungo vyangu vya upande wa wanaume, akatusindikiza hadi njiani akiwa nalo, na jua lilikuwa kali.

Busawe tena

Njia ya kurudi sikumbuki nilikula nini. Nilikuwa natafuta maneno. Unamwambiaje mzee kwamba baba aliyemlilia tangu utotoni hakuwahi kuwepo? Niliwaza hata kumtungia mmoja, mrefu, wa rika zuri, mwenye kaburi la saruji. Mungu anisamehe, mpaka Tarime nilikuwa nimeshampa na jina la fahali wake.

Baba alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Aliusikia mwendo wangu akasema, "Umechoka," kabla sijamwamkia. Nikamwamkia, nikakaa miguuni pake, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza nyinyi, ng'ombe za Wambura, mabinti wanne, jibu la wajomba, kusiriba kila mwaka, mafiga. Nilipomaliza niliogopa kumtazama.

"Wambura ni mwanamke," alisema.

"Ndiyo, tata."

"Wajomba walijua."

"Walijua. Mke wa mjomba anasema walikupenda."

"Walinipenda vibaya," alisema, lakini bila ukali. Akapitisha kiganja usoni. Kisha akasema lile ambalo limenifanya niwaandikie nyinyi habari hii yote, maana sikuweza kulisema kibarazani bila sauti kukatika.

"Basi hakuna baba aliyeniacha."

Alilia, na mimi nikalia. Miaka yote ile alibeba moyoni mwanamume aliyeshindwa kuvuka mto kumfuata mwanawe, na mwanamume huyo hayupo. Aliyekuwepo ni bibi kizee aliyekandika nyumba tupu.

Tulipotulia aliuliza habari za koti. Nikamwambia lilikomea kwa Nyangi, na kwamba amekataa nisikate mikono, amesema anamtunzia mwenyewe. Baba alinyoosha mikono yake mbele, akafumba ngumi, akakaa hivyo kama nilivyomzoea, ingawa futi yangu ilikuwa ndani ya mkoba na sikuwa nampima.

"Ile njia ya Nyamongo," aliuliza, "bado imekauka, gari linapita?"